Shavu la Kushoto

4 Machi

Kwako Puto, mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana simu hupokei, na mtu asiyepokea simu huwezi kujua kama anaumwa au ana kiburi tu. Mimi mzima, ukiacha mikono, ambayo inaendelea na ngoma yake bila kualikwa. Usicheke mwandiko.

Sasa nieleze. Jumamosi ile ulinikalisha kwenye kiti changu mwenyewe, kile nilichowakalishia watu kabla hujazaliwa. Ukanifunga shuka shingoni, ukanipaka povu, ukaninyoa shavu la kulia vizuri kabisa, hata nikajisemea moyoni kwamba huyu mtoto sasa amenizidi. Ukasema, "Baba, naenda kuongeza maji ya moto." Nikangoja. Povu likakauka likaanza kuwasha. Dada yako alipoingia akanikuta nimekaa na shuka, upande mmoja mtu, upande mwingine sijui nini. Birika lilikuwa linatokota jikoni na wewe hupo. Baadaye ndipo ukatuma ujumbe kwamba umepata kazi mjini kwa haraka.

Kazi gani hiyo isiyoweza kungoja shavu moja?

Kuhusu ndevu, nimegoma. Mikono yangu haiwezi, na sitamruhusu yule kinyozi wa kona, aliyejifunza jana, anishike kidevu. Kwa hiyo zimeota pande zote mbili, ila za kushoto zilitangulia, na wazee wa kwenye benchi wanasema nimekuwa kama picha iliyochorwa na mlevi. Wazee wenyewe unawajua. Duka letu la kunyolea umelifunga, lakini wao wanakaa tu pale mlangoni kama kawaida. Wanauliza Puto yuko wapi. Nawaambia ameenda kuongeza maji ya moto.

Niandikie.

Baba yako


19 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi naendelea, na nakuombea wewe na dada afya njema. Pole kwa mikono. Pole pia kwa lile shavu.

Saluni ninayofanyia kazi ni kubwa, ina vioo ukuta mzima na viti vya kupanda na kushuka kwa kukanyaga. Wanatumia mashine tu. Wembe hawautaki, na ndiyo sababu nilikuja hapa. Kichwa kikiisha tunapiga brashi, tunapaka mafuta, mtu anaenda zake. Kazi nyepesi. Sichoki mwili, nachoka tu.

Naomba uniangalizie kitu. Chini ya sikio lako la kulia, pale taya linapoanzia, je, nilikukata siku ile? Simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha. Mwombe na dada aangalie, kwa sababu wewe macho yako siku hizi yanakisia. Kisha uniandikie ni ndiyo au hapana.

Na zile nyembe za kabatini, mwambie dada azifungie mahali. Ufunguo asinionyeshe, hata nikija, hata nikimwomba.

Usisahau la sikio.

Mwanao


2 Aprili

Puto,

Salamu. Sote tu wazima, na dada yako anakusalimu kwa ukali.

Sikio nimeliangalia. Dada yako ameliangalia. Mzee mmoja wa benchi naye amevaa miwani akaliangalia bila kuombwa. Hakuna kitu. Hukunikata, na hata ungenikata ingekuwa nini? Kuna kinyozi asiyekata? Mimi mwenyewe nimewakata watu wakubwa wakubwa, nikawapaka jiwe la shabu kuzuia damu, wakaninunia, wakarudi.

Lakini barua yako nimeisoma nikaielewa kuliko ulivyodhani. Umeniambia nifungie nyembe za kabatini. Ninajua maana yake. Umenyoa watu kwa vinyembe vya kuazima muda wote huu, na ule wembe wangu wa kukunja, wa mpini wa pembe, nimeukalia kama kuku. Mtoto amekuwa mtu mzima na baba hajamkabidhi. Basi ukaona bora uende kunyoa kwa mashine. Ungesema tu! Mimi ni mtu mgumu, lakini masikio ninayo.

Nakutumia wembe wangu. Nimeunoa mwenyewe kwenye mkanda, mikono hii hii, ikachukua muda. Sasa ni wako. Umekuwa kinyozi.

Rudi unimalizie shavu.

Baba yako


20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Naandika haraka, maana nikiisoma upya sitaituma.

Wembe umefika. Nilifungua kifurushi saluni, wenzangu wakapiga makofi, wakataka kuushika. Mimi nikatoka nje nikakaa ukingoni mwa mtaro. Nikaufunga kwa kitambaa, nikautia kwenye kopo, kopo nikampelekea mama mwenye nyumba wangu nikamwambia ni sumu ya panya asifungue. Sikutaka wembe, Baba. Ulielewa kinyume kabisa, na kosa si lako.

Jumamosi ile, nilipomaliza shavu la kulia, uliinua kidevu ukafumba macho. Hapo likaja: mkate koo. Si sauti, mimi sisikii sauti. Ni wazo, kwa maneno yangu mwenyewe, pamoja na picha yake yote. Nikaona mkono wangu ukifanya. Mkono haukufanya kitu, ulikuwa umetulia tuli, lakini mimi niliona. Nikasema maji ya moto. Nikapita jikoni, nikapita uani, nikaenda.

Halikuanza kwako. Lilianza kwa mteja mmoja, kisha wote. Nikimaliza kunyoa nilikuwa namfuata mteja barabarani nimchungulie shingo kama inatoka damu. Mmoja aligeuka akaniuliza kama namtaka binti yake. Nikirudi dukani najiuliza tena, je, niliangalia vizuri? Nafunga duka, namtafuta tena. Usiku na mchana nasema kimoyomoyo "nampenda baba yangu, simdhuru mtu," na nikikatizwa katikati, hata na mbu, naanza upya mpaka itoke bila doa. Hapa nilipo nakula kwa kijiko. Mkate nachana kwa mkono. Nilidhani mashine zitaniponya, sasa naogopa hata mkasi wa kupunguzia masharubu. Mwenye saluni amenishusha kwenye kufagia nywele.

Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani, na mimi nashika shingo za watu?

Baba, mimi ni mtu mbaya? Ulishawahi kuona kitu kwangu nilipokuwa mdogo? Nijibu kweli. Na angalia tena chini ya sikio, huenda palishapona ndiyo maana hamkuona.

Mwanao


3 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyumbani ni salama.

Sijapata jibu. Kila mtu wa posta anapopita mtaani nasimama mlangoni na fagio. Leo amenipungia tu mkono. Nimeelewa. Hukosei, ningekuwa wewe nami ningekaa kimya na kufunga mlango.

Kuna mtu hapa anatafuta wabeba mbao, huko mbali, porini. Hakuna viti, hakuna shingo. Ninafikiri kwenda. Nikienda sitaandika, ili msipate shida ya kutojibu.

Ungeniambia tu kama mimi ni mtu mbaya. Neno moja.

Mwanao


9 Juni

Puto! Kaa hapo hapo ulipo!

Salamu baadaye. Huendi kubeba mbao. Wewe kuni tu ulikuwa unazibeba kwa kuzibembeleza.

Nimechelewa, na nitakuambia kwa nini. Barua yako niliisoma nikaikunja. Kwanza nilikasirika. Kisha nikaogopa, nakuambia kweli, nikajishika shingo. Kisha nikaona aibu kwa kujishika shingo. Nikashika kalamu, mkono ukagoma. Dada yako akasema, "Baba, niambie nikuandikie," nikakataa, kwa sababu uliniandikia mimi, si nyumba nzima. Mwisho nikaenda zahanati kuonyesha mikono. Wakati muuguzi ananipima nikamwambia kwamba kuna rafiki yangu ana mtoto wa kiume, kinyozi, na mtoto huyo anateswa na mawazo. Nikamweleza yote. Muuguzi mwenyewe ni mwanamke mwenye sauti ya kuita wateja sokoni. Akaniangalia akasema, "Huyo rafiki yako naye mikono inamtetemeka?"

Nikalia pale, Puto. Mtu mzima na ndevu za upande.

Akafunga mlango akaniambia hivi. Huo ni ugonjwa, una jina, na walio nao ni wengi kuliko tunavyodhani, ila wamejificha kama wewe. Si wazimu na si pepo. Wazo baya humjia kila mtu. Kwa mwenye ugonjwa huu linang'ang'ania, naye anafanya hili na lile ili atulie, anachungulia, anauliza, anarudia maneno. Anatulia kidogo, kisha linarudi na njaa zaidi. Na linachagua kile anachokithamini kuliko vyote. Kwako wewe limechagua shingo yangu. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuisifia shingo yangu namna hiyo.

Nami nikakumbuka jambo. Nilikuwa na mteja akilala kitini na kukoroma. Siku moja wembe uko kooni pake, likanijia: hapa nikisukuma tu. Nikashtuka, nikacheka kimoyomoyo, nikaendelea kunyoa. Nilikuwa na njaa nikawaza chakula. Sikukimbia mji. Wazo lile lile, mwanangu! Mimi lilinipita, wewe limekukalia.

Unawajua wakaa-benchi wetu. Hawanyolewi na hawaondoki. Ukiwafukuza, wanakaa mpaka jioni wakikujadili. Ukiwapikia chai, wanahamia. Dawa yao ni moja, unaendelea na kazi. Hilo lako nalo ni mkaa-benchi tu, ila wewe umelivalisha shuka ukalikalisha kwenye kiti cha mteja.

Kwenye hospitali kubwa ya huko mjini kuna daktari wa mambo haya, muuguzi ameniandikia namba ya chumba chake, nakuambatanishia karatasi. Nenda kesho. Usiniambie utajitibu mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, na huo si msemo kwetu, ni kazi.

Wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya haachi birika jikoni akakimbia ili baba yake asidhurike.

Baba yako, mwenye shingo


22 Julai

Baba,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mikono je? Mimi nashukuru, na safari hii sisemi kwa desturi tu.

Nilienda. Siku ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi. Siku ya pili nikaingia. Daktari ni kijana, kichwa chake kimenyolewa vibaya nyuma, nikashindwa kuacha kukiangalia. Nilipomwambia lile wazo nilishika kingo za kiti, nikingoja aite askari. Aliandika kidogo akauliza, "Na halafu huwa unafanya nini ili utulie?" Basi! Kama vile nimemwambia nina kikohozi. Jina la ugonjwa ni refu, wao hufupisha kwa herufi tatu, O, C na D. Alisema watu hudhani ni usafi tu, kunawa mikono na kupanga viatu. Wapo wa hivyo, na wanateseka. Wapo wa namna yangu pia, na hao hukaa kimya zaidi kwa sababu ya aibu.

Amenipa vidonge, na mazoezi. Vidonge ni rahisi. Mazoezi ni kulikaribia lile ninaloliogopa, hatua kwa hatua, kisha nisifanye chochote cha kujituliza. Nisichungulie, nisirudie maneno yangu. Nikae na moto wa hofu yangu mpaka upoe wenyewe. Akauliza mimi naona tuanzie wapi. Nikamwambia puto.

Alicheka, ikabidi nimweleze. Nikamwambia jinsi ulivyonifundisha, puto linafungwa kwenye mguu wa meza, linapakwa povu, nami nalinyoa bila kulipasua, na jinsi nilivyoyapasua yote ya sokoni mpaka mtaa mzima ukanipa jina hilo. Sasa niko tena na maputo, mtu mzima mwenye ndevu. La kwanza lilipasuka, mama mwenye nyumba akaja mbio. Alidhani panya wameanza kulipuka.

Kuna jambo moja linakuhusu wewe. Daktari anasema nikikuuliza kama mimi ni mtu mbaya, usinijibu. Hata kwa upendo. Jibu lako ni chai ya mkaa-benchi. Nilikubali mbele yake, lakini nimeketi hapa na kalamu na swali limenikaa kooni. Baba, ile ya "si mtu mbaya" uliandika kwa kuamini au kwa kunihurumia?

Mwanao


5 Agosti

Mwanangu Puto,

Salamu. Sisi wazima. Dada yako nimemwambia, kwa ruhusa yako niliyojipa mwenyewe, naye amenuna kwamba hakuambiwa mapema. Ameandika neno OCD kwenye karatasi akaliweka jikoni ajifunze kulisema.

Swali lako nimeliona.

Silijibu.

Nimekaa na kalamu juu ya mstari huu mpaka chai imepoa. Ningeweza kukujibu kwa neno moja na wewe unalijua. Haijawahi kunitokea kunyima mtoto kitu nilicho nacho mfukoni. Mwambie daktari wako kwamba mazoezi yake yananiuma na mimi sijaandikishwa.

Ndevu zimefika kifuani, au karibu.

Baba yako


10 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo.

Sitaki kukuficha, wiki hii imekuwa mbaya. Nilikuwa nimefika mbali. Kopo nimelirudisha chumbani kwangu, wembe uko mezani umefunguliwa na mimi nakula mbele yake kama mgeni. Daktari alinipa shavu lake nimnyoe, nikamnyoa, jasho likanitoka mpaka kwenye viatu, yeye akizungumza habari za mpira. Mwenye saluni akanirudisha kwenye kiti. Kisha Jumanne nikampunguza mtu masharubu, akatoka, nikaacha kila kitu nikamfuata. Nilitembea naye mpaka sokoni, nikamzunguka mbele, nikamwangalia. Hakuwa na kitu. Niliporudi mteja aliyekuwa akisubiri alikuwa ameondoka, na mimi nimerudi mwanzo, au niliona hivyo.

Daktari hakukasirika. Alisema kidonda hakifungi kwa siku moja na hata kikifunga kinawasha. Amenipa zoezi jipya, la kusema kwa sauti, "Labda nitamkata baba. Labda sitamkata." Kisha ninyamaze, nisiongeze kitu. Mwanzoni mdomo ulikataa. Wewe ulinifunza kwamba fundi hasemi labda. Lakini nimeanza kuona kwamba miezi yote hii nilikuwa natafuta uhakika ambao hakuna mtu anao, hata wewe uliyenyoa nusu ya mji. Nyinyi wengine mnaishi na labda zenu, mnakula, mnalala.

Natembea sana chumbani. Sakafu ya mama mwenye nyumba inalia. Bado nataka kukuuliza. Sitakuuliza.

Mwanao


28 Septemba

Baba,

Shikamoo.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Wembe ninao mimi. Siahidi kwamba wazo halitakuja. Litakuja, litakaa benchi na wazee wenzake.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Shavu la kulia lilikwisha nyolewa, Baba. La kushoto litie maji.

Mwanao


7 Oktoba

Kwako Puto, mwanangu,

Salamu, na natumaini ulifika salama. Huku sote wazima, na mimi uso wangu una baridi.

Barua yako imefika leo, wewe ulishakuja ukaondoka. Posta ni posta. Kwa hiyo ujue kwamba maji nilitia bila kuambiwa. Nilipokuona unashuka barabarani na kile kifurushi kwapani nilimwambia dada yako aweke birika.

Nataka uandikiwe yale ambayo hukuyaona, kwa sababu wewe uliangalia mkono wako tu. Wazee wote walisimama kutoka kwenye benchi, na sijawahi kuwaona wakisimama. Dada yako alisimama mlangoni ameshika fremu. Uliponiinua kidevu nilisikia pumzi yako imekatika, nikajua mkaa-benchi ameingia. Nikafumba macho. Niliogopa, Puto. Sikukuogopa wewe, niliogopa utasema maji ya moto. Kisha wembe ukaanza kutembea.

Na ulinikata. Chini ya sikio, safari hii la kushoto. Kidogo, kama kuumwa na sisimizi. Nikajisemea, basi, sasa ataacha kila kitu akimbie. Ulisimama. Kisha nikasikia jiwe la shabu, ubaridi wake na kuwasha kwake, nawe ukasema, "Pole mzee," kwa sauti ya kinyozi aliyechoka na kazi, ukaendelea mpaka ukamaliza.

Nilikusindikiza kituoni nikiwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nimebana meno, nikijizoeza kutokujibu. Nilijua utauliza. Ukiwa na mguu mmoja ndani ya basi uligeuka, nikabana zaidi, ukasema, "Baba, lile duka lipakwe rangi, ukutani pameanza kubanduka." Ukaingia.

Hukuuliza.

Rangi nimemtuma dada yako akaulizie. Kidonda kimekauka, sikuambii kikoje. Ndevu zinaota tena pande zote mbili, kwa mara ya kwanza zinakwenda sawa. Jumamosi ukija, nitakuwa nimetia maji.

Baba yako